Dada nipe ya vidonda

Nina duka la dawa huku Mwanza, sio mbali sana na mwalo, na kama kuna neno nalisikia dirishani tangu nafungua mpaka nafunga ni "vidonda". Dada nipe ya vidonda. Vidonda vyangu jana vimeamka. Vidonda havitaki maharage kabisa. Mmoja anashika chembe ya moyo, mwingine anashika ubavu wa kulia, mwingine anashika chini huko karibu na kinena, wote vidonda, na ukimuuliza nani kakwambia una vidonda anakuangalia kama umemtukana, si tumbo linauma?

Mimi sio daktari, niliseme hilo mapema. Natoa dawa, nimekaa hapa dirishani miaka tisa, na mambo mengi ya tumbo nimeyaelewa kwa kuwauliza madaktari na manesi wanaopita dukani, mengine nimeyaelewa kwa kukosea mwenyewe. Ninachokiona kila siku ni kwamba jina "vidonda" limekuwa kapu, kila kitu kinatupwa humo, halafu mtu anatibu jina mwaka mzima, anameza dawa ya asidi, anaongeza maji ya kabichi, anaongeza mshubiri, na kile kinachomsumbua kipo palepale kinaendelea na kazi yake.

Tuanzie kwenye vidonda vyenyewe basi. Kidonda cha tumbo ni kidonda kweli kama cha mguuni, tofauti yake kipo ndani, kwenye ukuta wa tumbo la chakula au kwenye kile kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba. Tumbo linatengeneza asidi kali, ile ile inayokuchoma kooni ukicheua vibaya, na linajikinga na asidi yake lenyewe kwa ute mzito uliofunika ukuta wote. Ute ukiharibika sehemu, asidi inagusa nyama, panachimbika. Kwa hiyo ukiwa na kidonda kweli cha kuuliza ni nani kauharibu ute, na washtakiwa wakubwa ni wawili.

Wa kwanza ni bakteria anaitwa H. pylori, huku kwetu watu wanamwita pailori kama vile jina la jirani. Huyu anaishi humo humo kwenye asidi kwa ujanja, anatengeneza amonia inayopoza asidi pembeni yake halafu anajichimbia kwenye ute. Zamani hata madaktari waliamini vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili. Mwaka 1982 kule Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall wakafanikiwa kumwotesha maabara kutoka kwenye matumbo ya wagonjwa, watu wakawabishia, basi mwaka 1984 Marshall akakoroga wadudu hao akawanywa mwenyewe. Siku chache baadaye kichefuchefu, anatapika, mdomo unanuka, na alipoingizwa kamera tumbo likakutwa limevimba ndani na bakteria wamejaa tele. Mwaka 2005 wakapewa Nobel. Hii stori huwa nawasimulia wateja wanaoniambia vidonda haviponi, kwamba ni ugonjwa wa kuishi nao. Vinapona. Kidonda cha pailori kinatibiwa kwa antibayotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi siku 14, na dozi imekwisha. Shida ni kwamba watu wanaacha siku ya tano tumbo likitulia, maana vidonge ni vingi na mdomo unakuwa mchungu kama umelamba chuma.

Lakini sikia na hili maana ndo linapochanganya watu. Huku kwetu watu wazima wengi sana wana pailori na hawaumwi chochote, wataishi naye mpaka uzee. Kwa hiyo kipimo kikisoma pozitivu kimesema una bakteria, hakijasema una kidonda, wala hakijasema yeye ndo anayekuumiza. Alafu vipimo vyenyewe havifanani. Kuna cha damu kile cha kutoboa kidole, chenyewe kinatafuta kinga ya mwili, na kinga inabaki kwenye damu muda mrefu hata kama bakteria alishakufa. Nina mteja katibiwa mara tatu kwa kipimo hicho hicho, kila akirudi zahanati wanamtoboa, pozitivu, wanamwandikia tena dozi, wakati inawezekana kabisa alishapona ile mara ya kwanza. Cha kujua kama yupo sasa hivi ni kipimo cha choo au cha pumzi, na hapo pia kuna mtego wake nitausema mbele.

Mshtakiwa wa pili ni dawa za maumivu, na hapa naongea nikiwa na aibu kidogo. Diklofenaki, aibuprofeni, asprini, familia hiyo yote inapunguza maumivu kwa kuzima kitu fulani mwilini ambacho kazi yake nyingine ni kulinda ule ute. Mama yangu anaumwa magoti. Nilikuwa nampelekea diklofenaki mwenyewe kutoka dukani kwangu, miaka miwili hivi, kila mwisho wa wiki nikienda nyumbani naweka na karatasi mbili. Mwaka juzi akaniambia choo chake kimekuwa cheusi, nikamwambia ni hivi vidonge vyako vya kuongeza damu mama, maana kweli vile vidonge vinafanya choo kiwe cheusi, nikaona nimejibu kitaalamu. Wiki iliyofuata akaanguka chooni. Mdogo wangu aliyeenda kumwinua alisema kile choo kilikuwa kama lami, kinang'aa, kimeganda pembeni ya sinki hakitoki na maji, na harufu yake hajawahi kuisikia. Hiyo ni damu iliyotoka tumboni juu ikapikwa na asidi njia nzima mpaka chini. Choo cha vidonge vya damu kinakuwa cheusi cha kawaida tu, kigumu kigumu, pengine na ukijani, hakinati hivyo wala hakinuki hivyo. Aliongezewa damu chupa tatu. Na ajabu ni kwamba tumbo halikuwa likimuuma, kwa sababu dawa iliyokuwa inachimba kidonda ndo ilikuwa inamtuliza maumivu, na wazee wengi inawatokea hivyo hivyo, dalili ya kwanza ni damu.

Kukaa na njaa, mawazo na pilipili vinaweza kukuchokonoa kama tayari tumbo lina shida, sikatai, ila havichimbi kidonda vyenyewe. Na maziwa yanatuliza dakika chache tu, baadaye tumbo linamwaga asidi zaidi ya kuyasaga.

Sasa ukitoa hao wawili, watu wengi wanaoingizwa kamera tumboni hawakutwi na kidonda chochote. Chochote. Tumbo linauma kweli, linajaa, ukila vijiko vitano umeshiba kama uliyekula pilau la harusi, lakini ukuta ni mzima, ni vile tumbo na mishipa yake ya fahamu haviendi sawa, na inatibika kwa dawa na kwa namna ya kula. Wengine shida yao ni kiungulia, yaani ile koki ya juu ya tumbo imelegea, asidi inapanda, na huyu ukimsikiliza anajitaja mwenyewe: nikila usiku nikalala inachoma mpaka kooni, nikiinama kufua inapanda. Huyo hata kabla ya dawa aache kula saa nne usiku na kupanda kitandani saa nne na robo, na kichwa cha kitanda akiinue kwa matofali.

Kuna wa chini ya kitovu ambao madaktari wanawaita wenye IBS. Tumbo linakata, anaenda chooni, likitoka linapoa, wiki hii anaharisha wiki ijayo choo kama cha mbuzi, gesi kama puto, na kila kipimo kinatoka safi. Linaongezeka kipindi cha mitihani, cha kodi ya nyumba, cha kufiwa. Huu ugonjwa upo kweli hata kama vipimo viko safi, unatesa ila hauui, na dalili moja ya kuutambua ni kwamba hauna kawaida ya kukuamsha usingizini. Tumbo linalokuamsha saa tisa usiku kwenda kuharisha, hilo nenda likaangaliwe.

Wenye kisukari nao waangalie karatasi ya dawa yao, metfomini inaharisha watu na kuwajaza gesi kweli kweli, hasa mwanzoni, na wengi wao huja kwangu kununua dawa ya amiba. Amiba yenyewe ipo, inatoa damu na kamasi. Jadia nayo ipo, mdudu mwingine wa utumbo, choo kinanuka vibaya kama yai viza, kinaelea, wiki kwa wiki. Zote zinaonekana kwa kupima choo, na ndo maana inaniuma nikiona mtu anakunywa metronidazoli kila mwezi kama vitamini bila kupima hata siku moja.

Halafu sisi watu wa ziwa tuna la kwetu. Kichocho. Wengi wanakijua kile cha kukojoa damu, lakini huku Ziwa Victoria, Ukerewe na visiwa vyote hivi, kilichotawala ni cha tumbo. Unaingia kwenye maji yenye konokono wake, unaoga, unavua, unafua, vijidudu vinapenya ngozi, minyoo inaenda kukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Miaka inapita tumbo linasumbua sumbua tu, choo mara kina damu, mtu anasema vidonda. Mayai ya ile minyoo yanaenda kukwama kwenye ini, ini linakakamaa kwa makovu, damu inakosa njia inarudi nyuma, mishipa ya koo la chakula inavimba, na siku inapasuka mtu anatapika damu beseni zima. Mtu wa namna hiyo kijiji kizima kitakwambia karogwa au vidonda vimepasuka. Dawa yake prazikwanteli ni ya kumeza siku moja tu kwa kipimo cha uzito wako, watoto wanagawiwa bure mashuleni, wanaokosa ni watu wazima wenyewe wanaoshinda majini. Kwa hiyo kama umekulia ziwani au unavua, daktari akikuuliza historia mwambie, asipouliza mwambie pia.

Na taifodi jamani. Mtu tumbo limejaa gesi miezi minne, kapimwa kile kipimo cha damu kinaitwa Widal, kaambiwa taifodi, kachomwa sindano. Taifodi ni ugonjwa wa homa, homa inapanda siku hadi siku, kichwa, mwili kuisha nguvu, na tumbo likiwemo. Ile Widal inapima kinga tu, na kwa mtu anayeishi sehemu zetu hizi inaweza kusoma pozitivu kwa sababu ya ugonjwa wa zamani au hata wadudu wengine kabisa. Gesi ya miezi minne bila homa ukiambiwa taifodi, uliza tena.

Sasa lini uache dirisha langu uende hospitali, maana hilo ndo swali lenyewe. Kuna mzee mmoja anauza dagaa, alikuwa anakuja kila baada ya wiki mbili kuchukua omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi. Nilikuwa namuuzia tu, mteja mzuri, anatania. Siku moja amesimama dirishani anatafuta hela mfukoni nikaona mkanda wake. Una matundu mapya matatu, sio ya kiwandani, yametobolewa na msumari, na ncha ya mkanda imezunguka mpaka nyuma kiunoni.

Nikamwambia, "Baba, umepungua."

"Uzee mwanangu."

"Chakula kinapita?"

"Kinapita. Ila ugali siku hizi nausukuma na maji."

"Tangu lini?"

Akafikiri. Tangu kabla ya Pasaka. Mwanzoni nyama, akaacha nyama. Ugali ukaanza, akawa anaukanda na mchuzi mwingi. Siku hizo alikuwa amebaki na uji, na hata uji alikuwa anaunywa taratibu. Miezi yote hiyo namuuzia omeprazoli sijawahi kumuuliza hayo maswali. Alienda hospitali ya Bugando, akaingizwa kamera, kukakutwa uvimbe kwenye koo la chakula. Saratani hii imejipanga kwenye ukanda wetu wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia mpaka Afrika Kusini, kuliko sehemu nyingi duniani, na sababu zake zinaendelea kutafutwa, sigara na pombe zimo, na mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilisema kunywa vitu vya moto sana, juu ya nyuzi 65, huenda kukasababisha pia. Chai yetu ile ya kunywa huku unapuliza, fikiria mwenyewe. Siku hizi dukani anakuja mwanae kuchukua dawa ya maumivu.

Kwa hiyo chakula kukwama, hata kama ni mara moja moja, sio kiungulia cha kuvumilia. Kupungua uzito bila kufunga wala kufanya mazoezi, hivyo hivyo. Kutapika kila mara, au kutapika chakula cha jana. Kutapika damu, au kitu kama machicha ya kahawa, na choo cha lami kama cha mama, hizi mbili usingoje asubuhi, nenda saa hiyo hiyo. Macho kuwa ya njano. Uvimbe unaoshikika. Kuishiwa damu bila sababu inayojulikana. Damu kwenye choo usiseme tu ni bawasiri, inawezekana ni bawasiri kweli ila aliyekuangalia aseme yeye. Choo kilichobadilika tabia wiki kadhaa mfululizo kwa mtu aliyevuka 45 au 50, au tumbo linaloanza kusumbua kwa mara ya kwanza umri huo, au nyumbani kwenu kuna aliyeugua saratani ya tumbo au utumbo, usianzie kwangu.

Kuna maumivu mengine ni ya kukimbia kabisa. Tumbo linalouma ghafla kama umechomwa kisu halafu linakuwa gumu kama ubao, hutaki hata kukohoa, hiyo inaweza kuwa kidonda kimetoboka. Maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia chini kulia na homa, kidole tumbo. Mwanamke aliyekosa siku zake na anaumwa upande mmoja chini, anazunguka kichwa, mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi. Na mtu mzima, hasa wa presha au kisukari, anayesema chembe ya moyo inabana na jasho la baridi linamtoka na mkono au taya vinauma, huo ni moyo, gesi haitoi jasho namna hiyo.

Kuharisha nako kuna kalenda yake. Siku mbili tatu ni kunywa ORS na kula kawaida. Ikifika siku 14 sio uchafu wa chakula tena, kapime. Ikivuka mwezi, kapime choo na upime na virusi vya Ukimwi bila kuoneana haya, maana kuharisha kwa muda mrefu ni moja ya njia vinavyojionyesha, na TB ya utumbo ipo pia. Mtoto mdogo usimpe hizo siku zote. Mpe ORS, na zinki siku 10 mpaka 14, na akiwa macho yameingia ndani, analia bila machozi, amelegea, hanyonyi, au kuna damu, mbebe uende.

Watu wanaogopa kamera. Wanasema wamesikia unameza bomba unakufa. Nilimuuliza mama ilikuwaje, akasema walimkataza kula tangu usiku, wakampulizia dawa kooni inayofanya ulimi uwe kama wa mtu mwingine, wakamlaza ubavu wa kushoto, akataka kutapika akawa hatapiki, machozi yakamtoka, kabla hajamaliza kumwomba Mungu wakamwambia mama tumemaliza. Jioni alikula ndizi.

Ule mtego niliosema ni huu. Omeprazoli na ndugu zake zinamficha pailori, kwa hiyo kipimo cha choo au cha pumzi uache hizo dawa wiki 2 kabla, na antibayotiki wiki 4 kabla, muulize daktari kwanza kama ni salama kwako kuacha, la sivyo unapata negativu ya uongo. Na ukizinywa, zinywe nusu saa kabla ya kula. Nusu ya wateja wangu wanazinywa baada ya kushiba halafu wanasema ni feki. Mimi sheria yangu siku hizi nakupa za wiki 2, zikiisha tumbo limerudi palepale sikuuzii nyingine mpaka uniletee karatasi ya daktari, na hilo limenipotezea wateja, wamehamia duka la ng'ambo ya barabara.

Jana kaja kijana wa bodaboda. Dada nipe ya vidonda, tumbo linaunguruma mpaka abiria anasikia. Nikamuuliza linaanza lini. Asubuhi. Unakula nini asubuhi? Maziwa, nusu lita, na chapati, hapo kwa mama wa kijiweni, tangu mwezi uliopita ameacha chai. Mkojo sawa, choo hakina damu, uzito upo, usiku analala. Nikamwambia watu wazima wengi wa kwetu tumbo liliacha kusaga sukari ya maziwa tangu utotoni, inabaki inachachuka utumboni, ajaribu wiki moja bila maziwa au anywe mtindi, ule bakteria wake wameshaipunguza sukari hiyo. Akaniangalia. "Kwa hiyo hamna dawa?" Hamna. Akawasha pikipiki akavuka barabara, na sikuona ameingia duka lile la pili au kwa muuza mtindi, lori lilipita katikati.